Kiingereza katika shule za msingi za Masasi na Newala

Kiingereza katika shule za msingi za Masasi na Newala ni somo la lazima linalofundishwa kwa watoto wa wilaya hizo za Mkoa wa Mtwara, kusini-mashariki mwa Tanzania. Vitabu vya ualimu huliita somo la "lugha ya pili". Hata hivyo, kwa watoto wengi wa vijijini katika eneo hili, kama wale wa kata ya Lupaso wilayani Masasi, Kiingereza ni lugha ya tatu. Mtoto huanza na Kimakua, Kimakonde au Kiyao nyumbani, huongeza Kiswahili, kisha hukutana na Kiingereza shuleni. Nje ya darasa ni nadra kusikia mtu akizungumza lugha hiyo.

Umuhimu wa somo hili unatokana na mpangilio wa elimu ya Tanzania. Katika shule za msingi za serikali, isipokuwa chache za mchepuo wa Kiingereza, masomo hufundishwa kwa Kiswahili. Mwanafunzi anapoingia kidato cha kwanza, karibu masomo yote hubadilika na kufundishwa kwa Kiingereza. Kwa hiyo kiasi cha Kiingereza alichopata mtoto katika shule ya msingi huamua kwa sehemu kubwa kama ataelewa biolojia, jiografia na hisabati za sekondari, au ataishia kunakili maneno ya ubaoni bila kujua maana yake.

Mazingira ya lugha

Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, kwenye ukingo unaotazama bonde la mto Ruvuma. Masasi iko upande wa magharibi, chini ya uwanda huo, katika nchi ya vilima vya mawe. Kimakonde ndicho lugha kuu ya uwanda wa Newala, na Masasi wanaishi Wamakua, Wayao, Wamakonde na Wamwera. Ndoa za watu wa makabila tofauti, biashara ya korosho na shule zimekifanya Kiswahili kuwa lugha inayowaunganisha wote. Mjini Masasi na Newala wapo watoto wengi ambao Kiswahili ndicho lugha yao ya kwanza. Vijijini mtoto anaweza kufika shuleni akijua lugha mbili, au akiwa anaelewa Kiswahili vizuri zaidi kuliko anavyokizungumza.

Hali hii ina faida na ugumu wake. Faida ni kwamba mtoto wa Lupaso au Newala ameshazoea kwamba kitu kimoja kinaweza kuitwa kwa majina mawili, na kwamba lugha hubadilishwa kulingana na anayezungumza naye. Ugumu ni kwamba Kiingereza hakina kazi katika maisha yake ya kila siku. Kiswahili anakihitaji sokoni, msikitini au kanisani, hospitalini na kwa kusikiliza redio. Kiingereza anakihitaji kwa ajili ya mtihani. Watoto wadogo hujifunza lugha upesi wanapoisikia kwa saa nyingi na kuitumia kupata kitu wanachokitaka, na kipindi kimoja cha dakika 30 au 40 hakiwezi kutoa nafasi ya namna hiyo bila mpango maalumu wa mwalimu.

Historia

Wakati wa misheni

Elimu ya shule katika eneo hili ilianza na wamisionari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa UMCA, chama cha misheni cha Waanglikana, aliongoza kundi la watu waliokombolewa utumwani kutoka Zanzibar na kulianzishia makazi Masasi. Steere mwenyewe alikuwa mtaalamu wa Kiswahili, na alikuwa amechapisha kitabu cha kufundishia lugha hiyo mwaka 1870. Kwa sababu hiyo Kiswahili kilikuwa lugha ya shule na ibada tangu mwanzo. Mwaka 1882 Masasi ilishambuliwa na wapiganaji wa Kingoni, na sehemu ya kazi ya misheni ikahamia Newala.

Kiingereza kilifundishwa hasa kwa wachache walioandaliwa kuwa walimu na mapadri katika chuo cha Kiungani, Zanzibar. Mmoja wao alikuwa Cecil Majaliwa, Myao aliyekombolewa utumwani, ambaye alisoma pia Canterbury nchini Uingereza. Alitumwa Chitangali, ambayo leo ni Kitangali wilayani Newala, na mwaka 1890 alipewa upadri. Kitangali sasa kina chuo cha ualimu cha serikali.

Wabenedikto Wakatoliki walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895 na ya Ndanda mwaka 1906. Walikuwa wazungumzaji wa Kijerumani, na serikali ya Kijerumani nayo ilitumia Kiswahili katika shule zake na ofisi zake za wilaya. Hivyo hadi Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia mtoto wa kawaida wa Masasi au Newala aliyekwenda shule alisoma kwa Kiswahili.

Wakati wa Waingereza

Chini ya utawala wa Uingereza, Kiswahili kiliendelea kuwa lugha ya kufundishia madarasa ya chini. Kiingereza kiliingizwa kama somo, kisha kikachukua nafasi ya Kiswahili katika madarasa ya juu. Wanafunzi waliofika madarasa hayo walikuwa wachache, kwa hiyo Kiingereza kikawa alama ya kuchaguliwa: aliyekijua aliweza kuwa karani, mwalimu au mganga, na aliyekosa nafasi alirudi shambani.

Mwanafunzi anayejulikana zaidi wa njia hiyo ni Benjamin Mkapa, rais wa tatu wa Tanzania. Alizaliwa mwaka 1938 wilayani Masasi, akaanza shule Lupaso katika miaka ya 1940, kisha akaendelea Ndanda, Kigonsera na Pugu. Mwaka 1962 alipata shahada ya Kiingereza katika Chuo cha Makerere, Uganda. Baadaye alikuwa mhariri wa magazeti ya Kiswahili na ya Kiingereza kabla ya kuingia katika diplomasia na siasa. Alizikwa Lupaso tarehe 29 Julai 2020. Safari yake huonyesha umbali ambao mtoto wa kijiji angeweza kufika kwa lugha hiyo, lakini pia huonyesha jinsi njia ilivyokuwa nyembamba, kwani watoto wengi wa rika lake hawakupata nafasi ya kufika madarasa yaliyotumia Kiingereza.

Baada ya uhuru

Mwaka 1967, kufuatia Azimio la Arusha na siasa ya Elimu ya Kujitegemea, Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule zote za msingi za serikali hadi darasa la saba. Kiingereza kilibaki somo moja kati ya mengine. Azimio la Musoma la mwaka 1974 liliharakisha elimu ya msingi kwa wote, ambayo ilitangazwa kutekelezwa mwaka 1977. Shule zilifika vijiji ambavyo havikuwahi kuwa na shule. Ili kupata walimu wa kutosha, serikali iliwachukua vijana wengi waliomaliza darasa la saba na kuwafunza ualimu wakiwa kazini. Walimu hao waliwafundisha mamilioni kusoma na kuandika Kiswahili, lakini wengi wao wenyewe walikuwa na Kiingereza cha darasa la saba tu.

Mwaka 1982 Tume ya Rais ya Elimu iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza Kiswahili kitumike pia katika sekondari. Serikali haikukubali pendekezo hilo. Mwaka 1984 wataalamu Clive Criper na William Dodd walichunguza hali ya Kiingereza nchini na kuona kwamba kiwango cha wanafunzi wengi wa sekondari hakikutosha kuwawezesha kusoma masomo mengine kwa lugha hiyo. Baada ya hapo ulianzishwa mradi uliofadhiliwa na Uingereza wa kuimarisha somo la Kiingereza sekondari, hasa kwa vitabu vya kusoma vyenye lugha rahisi.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 1995 ilithibitisha Kiswahili katika elimu ya awali na msingi, na katika miaka hiyo shule binafsi za mchepuo wa Kiingereza ziliongezeka nchini, hasa mijini. Wakati wa urais wa Mkapa, ada ya shule za msingi ilifutwa na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi (MMEM) ukaanza mwaka 2002. Idadi ya wanafunzi wa shule za msingi nchini ilipanda kutoka zaidi ya milioni 4 mwaka 2000 hadi zaidi ya milioni 7 mwaka 2005. Kuanzia Januari 2016 michango ya lazima nayo iliondolewa chini ya mpango wa elimu bila ada, na madarasa ya kwanza yakajaa tena.

Darasa la kuanzia

Swali ambalo limebadilishwa mara nyingi ni mtoto aanze Kiingereza akiwa darasa gani. Kwa muda mrefu kilianza darasa la tatu. Mabadiliko ya karibuni ni haya:

- Mtaala wa 2005: Kiingereza kilifundishwa kuanzia darasa la kwanza.
- Mtaala ulioanza 2015: madarasa ya kwanza na ya pili yaliachiwa stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu (KKK) kwa Kiswahili, na Kiingereza kikarudishwa darasa la tatu.
- Mtaala ulioboreshwa wa 2023, ulioanza kutekelezwa Januari 2024: Kiingereza kinaanza tena darasa la kwanza.

Kila upande una hoja yake. Wanaotaka kuanza mapema husema kwamba mtoto mdogo huiga sauti kwa urahisi na haogopi kukosea. Wanaotaka kuchelewa kidogo husema kwamba mtoto akishajua kusoma kwa lugha anayoielewa, ujuzi wa kusoma huhamia kwenye lugha nyingine. Hoja hii ya pili inalingana na kazi ya Jim Cummins, mtaalamu wa Kanada, ambaye tangu miaka ya 1970 ameeleza kwamba uwezo wa kitaaluma uliojengwa katika lugha ya kwanza huisaidia lugha ya pili. Mkoa wa Mtwara ulikuwa miongoni mwa mikoa ya mradi wa Tusome Pamoja, uliofadhiliwa na Marekani kati ya 2016 na 2021 ili kuimarisha usomaji wa Kiswahili katika madarasa ya chini.

Kwa shule ya kijijini hoja zote mbili hukutana katika jambo moja. Kuanza mapema kunafaa ikiwa mwalimu wa darasa la kwanza anaweza kuzungumza Kiingereza cha kitoto kwa usahihi na bila woga. Asipoweza, miaka miwili zaidi humpa mtoto makosa ya miaka miwili zaidi.

Tofauti kati ya Kiingereza na lugha za watoto

Sauti na maandishi

Kiswahili kina irabu tano na kila herufi husomwa kwa namna ileile karibu kila mara. Mtoto akishajua "ba, be, bi, bo, bu" anaweza kusoma neno lolote la Kiswahili. Kiingereza kina irabu nyingi zaidi na maandishi yake hayafuati sauti kwa utaratibu huo. Maneno "ship" na "sheep" husikika sawa kwa mtoto aliyezoea "i" moja tu, na "a" ya "cat", "u" ya "cut" na "ar" ya "cart" zote humjia kama "a". Ndiyo maana watoto wengi husoma Kiingereza kana kwamba ni Kiswahili, na "make" huwa "ma-ke".

Lugha za nyumbani nazo zina mchango wake. Kimakua kwa asili hakina b, d na g kama zile za Kiswahili, hivyo mtoto wa Kimakua huhitaji mazoezi ya kutofautisha "big" na "pig" au "den" na "ten". Kwa wasemaji wengi wa Kiyao na Kimakonde, r na l hazitofautishi maana ya maneno, kwa hiyo "rice" na "lice" huchanganywa. Mwalimu anayejua jambo hili hatamwona mtoto kuwa mzembe. Atampa jozi za maneno na picha zake, na kumsikilizisha mara nyingi kabla ya kumtaka atamke.

Kiswahili pia hutoa msaada. Sauti ya "th" katika "thelathini" ni ileile ya mwanzo wa "three", na "dh" ya "dhahabu" ni ileile ya mwanzo wa "this". Mtoto aliyefundishwa kuzitamka vizuri katika Kiswahili hana haja ya kuzijifunza upya katika Kiingereza.

Sarufi

Makosa mengi ya watoto yanaeleweka yakilinganishwa na Kiswahili:

- "Yeye" ni wa kike na wa kiume. Kiingereza hutaka mtoto achague "he" au "she" kila mara, na kwa miaka kadhaa mama wa mtu huitwa "he".
- Kivumishi cha Kiswahili hufuata jina: "mtoto mdogo", "kitabu changu". Kiingereza hukitanguliza: "small child", "my book".
- Kiswahili hakina vineno kama "a" na "the", hivyo mtoto huviacha au huviweka kila mahali.
- Neno moja la Kiswahili, kama "sijamwona", hubeba kanusho, mtenda, wakati na mtendwa. Kiingereza huyagawa hayo katika maneno manne au matano, na mtoto hajui lipi linakuja kwanza.

Maana na desturi

Baadhi ya maneno hayalingani kabisa. Saa mbili asubuhi ni "eight o'clock", na kosa la kusema "two o'clock" huwafuata wanafunzi hadi sekondari. "Shikamoo" haina neno linalolingana nayo. Mtoto aliyefunzwa kuwaamkia wakubwa kwa heshima hushangaa kuona "good morning" ikitumika kwa mkubwa na mdogo.

Majina ya ukoo ni mfano mwingine. Wamakua, Wamakonde na Wayao kwa desturi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana nafasi kubwa katika malezi na maamuzi ya familia. Kiingereza humwita "uncle", jina lilelile analopewa baba mdogo. Somo la "my family", ambalo huwa miongoni mwa yale ya mwanzo, humlazimu mwalimu kueleza kwamba Waingereza hawatofautishi watu ambao katika kijiji cha mtoto ni tofauti kabisa.

Mbinu za kufundishia

Maneno ambayo mtoto tayari anayajua

Kiswahili kimekopa maneno mengi ya Kiingereza: basi, baiskeli, shati, sketi, soksi, blanketi, kabati, penseli, redio. Mtoto wa darasa la kwanza Lupaso huyajua bila kujua asili yake. Mwalimu anaweza kuyatumia kama daraja, kwa kuwaonyesha watoto kwamba "shirt" ni shati iliyopoteza irabu ya mwisho na kubadilika kidogo. Pamoja na kuongeza msamiati, zoezi hili huwafundisha jambo la msingi la sauti, yaani kwamba maneno ya Kiingereza mara nyingi huishia na konsonanti.

Vitendo

Mbinu inayofaa sana kwa watoto wadogo ni ile ya kuitikia amri kwa mwili, iliyoendelezwa na mwanasaikolojia wa Marekani James Asher katika miaka ya 1960. Mwalimu husema "stand up", "touch your nose", "walk to the door" huku akifanya, na watoto hufuata. Hawalazimishwi kusema lolote mpaka wawe tayari. Mbinu hii haihitaji vitabu wala umeme, na hufaa hata kwa darasa la watoto wengi wakiwa uwanjani.

Vitu halisi

Pale ambapo kitabu kimoja kinagombaniwa na watoto kadhaa, vitu vya mazingira huziba pengo. Korosho, mbegu za maboga, vijiti na kokoto hutumika kuhesabia. Mihogo, mbaazi, mabibo na maembe hutumika kufundisha rangi, ukubwa na ladha. Zoezi la kuuliza "how many?" juu ya rundo la korosho lina maana kwa mtoto ambaye nyumbani kwake hesabu ya korosho ni hesabu ya mapato ya mwaka. Uandishi wa herufi unaweza kuanzia kwenye mchanga kabla ya daftari.

Nyimbo, michezo na hadithi

Watoto wa eneo hili wamezoea nyimbo za kuitikiana, vitendawili na hadithi za sungura na fisi. Wimbo mfupi wa Kiingereza wenye vitendo huingia kwa njia hiyohiyo. Hadithi ambayo watoto wameshaisikia kwa Kiswahili ikisimuliwa tena kwa Kiingereza rahisi hueleweka, kwa sababu wanajua kitakachofuata. Vipindi vya katuni vya shirika la Ubongo la Dar es Salaam, hasa "Akili and Me" kwa watoto wa umri wa awali, hufundisha maneno ya Kiingereza kwa nyimbo na vimetangazwa kwa televisheni na redio. Faida yake hutegemea kama kijiji kina umeme na redio au televisheni ya kusikilizia.

Jozi badala ya kuitikia kwa pamoja

Kuitikia kwa pamoja ni desturi ya madarasa makubwa. Mwalimu anauliza na darasa zima linajibu kwa sauti moja. Njia hii huwaondolea aibu waoga, lakini huficha wasiojua, kwani wachache wenye sauti huwabeba wengine. Watoto wakigawanywa wawili wawili na kuulizana "what is this?" kwa dakika tatu, kila mmoja huzungumza zaidi kuliko angezungumza katika kipindi kizima cha kuitikia.

Nafasi ya Kiswahili na lugha za nyumbani

Kuna mitazamo miwili kuhusu matumizi ya lugha nyingine katika kipindi cha Kiingereza. Wa kwanza hutaka Kiingereza kitupu. Katika baadhi ya shule za Afrika Mashariki mtazamo huu uliambatana na adhabu, na Ngũgĩ wa Thiong'o alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1986 jinsi wanafunzi wa Kenya walivyoaibishwa kwa kukutwa wakizungumza lugha ya mama. Mtazamo wa pili huona kwamba sentensi moja ya Kiswahili, au neno la Kimakonde, linaweza kuokoa dakika kumi za kubahatisha maana. Walimu wengi hufuata njia ya kati: amri za kila siku na michezo kwa Kiingereza, maelezo magumu kwa Kiswahili, kisha kurudi kwenye Kiingereza kwa mazoezi.

Changamoto

Lengo la serikali ni mwalimu mmoja kwa wanafunzi 45 katika shule ya msingi, lakini madarasa ya chini ya shule nyingi huzidi idadi hiyo. Walimu wengi wa shule za msingi walisoma wenyewe kwa Kiswahili na hawapati nafasi ya kuzungumza Kiingereza baada ya kutoka chuoni. Mwalimu asiyejiamini huandika ubaoni na kuwaacha watoto wanakili, na hivyo hufundisha maandishi bila sauti.

Matokeo ya mitihani huonyesha hali hiyo. Katika Mtihani wa Kumaliza Elimu ya Msingi, Kiingereza mara nyingi huwa na ufaulu wa chini kuliko masomo mengine. Tathmini ya Uwezo ya mwaka 2010 iligundua kwamba takriban nusu ya wanafunzi wa darasa la saba nchini hawakuweza kusoma hadithi ya Kiingereza ya kiwango cha darasa la pili. Wasioweza kusoma hadithi ya kiwango hicho kwa Kiswahili walikuwa wachache zaidi.

Msimu wa korosho na shughuli za jando na unyago pia hugusa mahudhurio katika eneo hili, na viongozi wamekuwa wakihimiza sherehe hizo zifanyike wakati wa likizo. Somo la lugha huathirika kwa namna ya pekee, kwa kuwa mtoto aliyekosa wiki kadhaa hawezi kukipata nyumbani Kiingereza alichokikosa.

Mjadala wa lugha ya kufundishia

Tatizo la Kiingereza cha shule za msingi haliwezi kutenganishwa na mjadala wa lugha ya sekondari. Watafiti kama Martha Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na Birgit Brock-Utne wa Norwei, waliofanya kazi pamoja katika mradi wa LOITASA ulioanza mwaka 2002, wametetea Kiswahili kitumike sekondari na Kiingereza kifundishwe vizuri kama somo. Hoja yao ni kwamba kujifunza Kiingereza ni jambo moja, na kujifunza fizikia kwa Kiingereza usichokijua ni jambo lingine. Wanaopinga husema kwamba Kiingereza ni lugha ya vyuo vikuu, ajira na mawasiliano na majirani, na kwamba kukiondoa sekondari kutawaumiza zaidi watoto wa vijijini, kwani wenye uwezo watawapeleka watoto wao katika shule za mchepuo wa Kiingereza.

Majirani wamechagua njia tofauti. Uganda tangu 2007 hutumia lugha za maeneo katika madarasa matatu ya kwanza, kisha huhamia Kiingereza. Kenya nayo hutumia lugha ya eneo au Kiswahili katika madarasa ya chini, hasa vijijini, kabla ya Kiingereza kushika nafasi. Rwanda iliamua mwaka 2008 kuhama kutoka Kifaransa kwenda Kiingereza. Tanzania bara inatofautiana nazo kwa kutumia Kiswahili katika elimu yote ya msingi, hivyo badiliko la lugha huja ghafla na kwa kuchelewa.

Sera ya Elimu na Mafunzo ya 2014, Toleo la 2023, imeweka elimu ya msingi ya miaka sita na elimu ya lazima ya miaka kumi. Maana yake ni kwamba kila mtoto, na si yule aliyefaulu tu, anatarajiwa kuvuka kutoka shule ya msingi kwenda sekondari. Zamani mtoto wa Lupaso au Newala aliyeshindwa Kiingereza aliishia darasa la saba. Chini ya utaratibu huu ataketi katika darasa la sekondari, na kuelewa kwake kutategemea zaidi kuliko awali msingi aliowekewa katika madarasa ya kwanza.